Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Mtu akikuta kaburi la kale kichakani, naye hamjui aliyelala humo, je, lampasa kulitunza? Wengi hujibu: «Kila ukoo na wafu wake.» Jibu hilo lastahili kupimwa.

Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, na misafara ya pembe na watumwa ilipita Kabambare na Ujiji mpaka pwani. Mwaka 1892 Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, waliuawa Kasongo. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dhanis yaliuteka mji. Tippu Tip alifariki mwaka 1905, na kaburi lake liko Unguja. Wale Wabelgiji wamesimamishiwa ukumbusho wa mawe huko Blankenberge, pwani ya kwao. Lakini mateka aliyeanguka njiani chini ya mzigo wa pembe hana jiwe wala jina. Ndugu zake walichukuliwa pamoja naye au walitawanyika. Akiachiwa ukoo wake, ameachwa kabisa.

Basi jibu lile lawafaa wenye ukoo tu. Tobiti, alipokuwa uhamishoni Ninawi, aliwazika watu wa taifa lake waliouawa na mfalme, ijapokuwa hawakuwa wa nyumba yake. Kwa ajili hiyo alinyang'anywa mali yake yote. Nalo Kanisa lahesabu kuzika wafu kuwa mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili.

Pengine mkatekumeni ataogopa: je, huku si kurudia matambiko? Sivyo. Atambikaye humwomba mfu baraka, au humwogopa asimdhuru. Mkristu humwombea mfu kwa Mungu. Yule ataka kupata, huyu ataka kutoa. Na kwenye kaburi lisilo na mwenyewe hakuna urithi wala sifa ya kupata.

Na akiwa Mwislamu? Huyo pia aliumbwa na Mungu. Wazee wa msikiti waulizwe kwanza, kisha kazi ifanywe pamoja nao.

Kazi yenyewe ni ndogo: kufyeka majani, kusimamisha mawe pale pale yalipoanguka, kuandika daftarini majina ambayo wazee wangali wanayakumbuka. Asifukue mtu, wala asilime hapo, wala asitupe jiwe la kale ili aweke saruji mpya.

Tarehe 2 Novemba Kanisa huwaombea marehemu wote. Siku hiyo mkatekumeni na achukue panga lake, aende kwanza kwa wafu wake, kisha afike na kwa yule asiye na mtu.