Je, Kura Nyingi Zatosha Kuleta Haki?

Mwaka 2005 ilianzishwa huko Marekani tovuti ya intaneti iitwayo Reddit. Humo wasomaji hupigia kura habari na maoni ya wenzao, na mashine hupanga lipi liwe juu, lipi liwe chini. Je, kuhesabu kura kwatosha kuleta haki?

Hakutoshi. Neno lililowahi kusemwa husomwa na wengi, hupata kura, hupanda. Na likiwa juu, husomwa na wengi zaidi. Neno jema lililochelewa hubaki chini, si kwa ubaya wake, bali kwa kukosa wasomaji.

Kwa hiyo mwaka 2009 Reddit ilitumia katika kupanga maoni kanuni ya Edwin Wilson, iliyotolewa mwaka 1927. Kanuni hiyo yauliza mambo mawili: kati ya waliopiga kura, ni sehemu gani wamelikubali neno? Tena, mashahidi ni wangapi? Neno lililokubaliwa na 40 kati ya 42 hulipita lililokubaliwa na 300 kati ya 500. Lakini lenye kura moja tu halipiti lenye 90 kati ya 100, maana shahidi mmoja hatoshi.

Hata hivyo, watu hufuatana. Jaribio lililotangazwa mwaka 2013, katika tovuti nyingine, lilionyesha kwamba kura moja ya kwanza, iliyotiwa kwa hila, iliongeza alama za mwisho kwa 25 kwa mia.

Basi, kanuni hupunguza dhuluma ya kuwahi. Uvivu wa kufuata wengine haiuponyi. Mpiga kura mwadilifu husoma kwanza, hupima, ndipo huamua.