Siku za Wageni ni Mali ya Nani?



Watoto wetu wengi wameoa na kuolewa ng'ambo, na sasa wazazi nao hupanda ndege kwenda kuwaona. Mama huenda kumpokea mjukuu, baba huenda kuona mahali mwanawe anapoishi, na mara nyingi hawaendi kwa juma moja. Tuchukue mfano wa Uingereza. Mgeni wa kawaida aweza kuruhusiwa kukaa huko hadi miezi 6. Nauli ni kubwa, viza ina gharama na maswali mengi, kwa hiyo wazazi husema, "Maadamu tumefika, tukae." Nani atawalaumu?

Lakini liko swali moja la haki ambalo wengi hulipita. Siku hizo za wageni ni mali ya nani?

Tufanye hesabu kidogo. Sheria ya Uingereza humpa mfanyakazi wa siku 5 kwa juma likizo yenye malipo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, na mwajiri aweza kuzihesabu sikukuu za serikali ndani ya hizo 28. Basi mgeni ana siku zipatazo 180, na mwenyeji ana 28. Tena wenyeji ni wawili. Tuseme mke ni muuguzi wa zamu za saa 12, mara mchana, mara usiku, na mume ni dereva wa basi. Siku zao za mapumziko hukutana mara chache. Hizo chache ndizo siku za kuzungumza, kusali pamoja, kupatana baada ya ugomvi, na kukumbuka kwa nini walioana. Anayezitoa kwa wageni ametoa kitu cha thamani.

Je, ni vibaya kuzitoa? Hasha. Kuwaheshimu baba na mama ni amri ya Mungu, na heshima isiyogharimu kitu ni maneno matupu. Lakini Maandiko hayo hayo yatufundisha kwamba anayeoa huwaacha wazazi wake ili awe kitu kimoja na mwenzake. Wengine huona kana kwamba mafundisho haya mawili yanapigana. Mimi sioni hivyo. Hupigana pale tu mmoja anapotoa peke yake kitu ambacho ni cha wawili. Mume anayempigia mama yake simu na kusema, "Njoo, mama, nitakutembeza kila Jumamosi," bila kumwuliza mkewe, ametoa pia Jumamosi za mkewe. Ukarimu wa namna hiyo ni sawa na kumchinjia mgeni mbuzi wa jirani.

Mtu ataniuliza, "Basi mama yangu mzazi aombe ruhusa kwa mke wangu?" La. Mama haombi ruhusa. Wewe ndiwe unayepaswa kupatana na mkeo kabla ya kumwalika mama. Mkipatana kwanza, mgeni hupokewa na watu wawili. Msipopatana, hukuta mlango umefunguliwa na uso umefungwa. Na mwenye kuumia zaidi ni huyo mama, kwa maana mtu mzima hutambua upesi kwamba chai aliyoandaliwa haikuandaliwa kwa moyo.

Haki hiyo ina upande wa pili. Wazazi wa mume wakipelekwa mbali kwa gari moshi, kisha wazazi wa mke walipokuja wakaishia sokoni, jambo hilo halisahauliki. Wakwe si wageni wa daraja la pili.

Wazazi mnaosafiri, nanyi mna sehemu yenu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko ng'ambo jembe ni lipi? Sheria haimruhusu mgeni kuajiriwa. Lakini kumbembeleza mjukuu ili mkaza mwana aliyetoka zamu ya usiku apate usingizi, hilo ni jembe tosha.

Jembe jingine ni kujifunza kutembea wenyewe. Tangu mwaka 2014 mabasi ya London hayapokei pesa taslimu, hulipwa kwa kadi. Mkioneshwa mara moja jinsi ya kuigusisha kadi kwenye mashine, mtapanda ghorofa ya juu na kuuona mji bila kumtoa mtu kazini. Jumba la makumbusho la British Museum, lililofunguliwa mwaka 1759, halitozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kawaida. Kanisa kuu letu la Westminster, lililofunguliwa mwaka 1903, lina Misa kila siku. Mtalitambua kwa matofali yake mekundu yenye mistari myeupe. Msilichanganye na Westminster Abbey, ambalo ni la Waanglikana. Huko Greenwich upo mstari wa longitudo 0, ambao mataifa yaliukubali mwaka 1884 uwe mwanzo wa kuhesabia saa. Saa yetu ya Nairobi iko mbele yake kwa saa 3.

Mkienda mwezi wa Juni, jua huko huzama baada ya saa 3 usiku, nanyi mtakuwa na mchana mrefu wa matembezi. Mwezi wa Desemba huzama kabla ya saa 10 alasiri, na baridi huwafungia wazee ndani ya nyumba ndogo pamoja na kila mtu. Chagueni mwezi kwa busara.

Tena kumbukeni kwamba ninyi pia ni mume na mke. Wengi wenu tangu siku ya arusi hamkupata kutembea wawili bila kuwaza shamba, mifugo na karo. Mkitoka asubuhi wawili na kurudi jioni mkiwa na habari za kusimulia, mmewapa watoto wenu nafasi, nanyi mmepata yenu.

Vipi basi mama anapoitwa peke yake? Jambo hili latupasa kuliangalia. Mtoto amejifungua, mama anaondoka kwa miezi 6, na baba anabaki na ng'ombe na jiko asilolizoea. Kumsaidia mzazi mpya ni tendo jema la huruma. Hata hivyo, mtoto anayemwita mama yake anamwita pia mke wa mtu. Baba aulizwe, asiarifiwe tu. Bikira Maria alikwenda kwa Elizabeti akakaa kama miezi 3, na Mtakatifu Luka hakusahau kuandika kwamba baadaye alirudi nyumbani.

Kwa hiyo, kabla ya kununua tikiti, ninyi wenyeji chukueni kalenda mkae nayo wawili. Kwanza, wekeni alama kwenye siku ambazo ni zenu tu, hata zikiwa 2 kwa mwezi, na wazazi waambiwe mapema kwa upole. Pili, chagueni safari moja kubwa ya wote. Yaweza kuwa hija ya Walsingham, huko Norfolk, ambako kadiri ya mapokeo ilijengwa mwaka 1061 nyumba ya mfano wa ile ya Nazareti. Safari moja iliyofanywa kwa moyo hukumbukwa kuliko kumi za kunung'unika. Tatu, semeni wazi nani atalipa nini, pamoja na bima, kwa sababu matibabu mengi ya hospitali huko mgeni hulipishwa, nayo ni ghali. Siku zinazobaki wapeni wageni wote, bila kuzihesabu tena.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema. Mwenyeji huyo ni mume na mke. Basi kabla hamjamwambia mtu "karibu", ulizaneni ninyi wawili jioni moja, "Tuna siku ngapi, na ngapi kati yake tuko radhi kuzitoa?" Jibu mtakalokubaliana, hata likiwa dogo, litawaheshimu wazazi kuliko ahadi kubwa ya mmoja.