Jumatano: Kusikiliza Kabla ya Kujibu

Soma Ayubu 2:11–13 na Ayubu 16:1–5. Rafiki za Ayubu walimsaidia wakati gani, na walianza kumwumiza wakati gani?

Siku saba, mchana na usiku, waliketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa, wakamgeuza mfiwa kuwa mshtakiwa.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alitoa kitabu kuhusu ushauri nasaha unaomtanguliza mwenye shida. Alifundisha kwamba mshauri amkubali mtu na kumsikiliza kwa makini, asiharakishe kumwelekeza. Washauri wa familia wameona jambo jingine: mara nyingi kijana anayeletwa “arekebishwe” amebeba maumivu ya nyumba nzima. Kwa hiyo wazazi na watoto huketishwa pamoja, kila mmoja apate zamu ya kusema.

Je, kumsikiliza mkosaji bila kumkatiza ni kuunga mkono kosa lake? La. Yesu alianza kwa kumwomba mwanamke Msamaria maji. Habari za waume wake zilikuja baadaye (Yohana 4:7–18). Ukweli haukufichwa, ila ulingoja wakati wake. Lakini mtu akiwa hatarini, kama mke au mtoto anayepigwa, hatuwezi kungoja. Usalama wake huja kwanza.

Ni nani nyumbani mwako ambaye umemjibu mara nyingi, lakini hujapata kumsikiliza? Utaanzaje juma hili?