JE, YAFAA KUMFICHA MGONJWA UKWELI?

Mto Lukuga hutoka ziwani Tanganyika hapo Kalemie, ukashuka mpaka Lualaba. Kitu kilichotupwa majini Kalemie chaweza kuokotwa mbali sana. Ndivyo iendavyo saratani ya kinywa na koo. Huanza kwa kidonda kidogo kisichopona hata majuma matatu yakipita, hasa kwa wavutao tumbako na wanywao pombe nyingi. Akienda hospitali mapema, mtu aweza kupona. Akikawia, ugonjwa huingia tezi za shingo, kisha huchukuliwa na damu mpaka mapafuni, na mara chache hata moyoni. Hapo pumzi hukatika, moyo huenda mbio, miguu huvimba. Wala kwa kawaida hakuna tena dawa ya kuuondoa.

Basi jamaa hushauriana kwa siri: “Tumwambie mzee kwamba atapona.” Je, wafanya vema?

Nia yao ni njema, maana wampenda. Lakini uwongo huo humnyang’anya mzee mali yake ya mwisho, ndiyo siku zake. Asiyejua kwamba safari i karibu hawezi kulipa deni, kugawa shamba, kupatana na ndugu aliyegombana naye, wala kujiweka tayari mbele ya Mungu. Tena mgonjwa si mtoto. Mwili wake mwenyewe humwambia. Akiona watu wanageuza nyuso, hubaki peke yake na hofu yake.

Walakini kusema kweli si kumtupia mtu jiwe. Yampasa msemaji asikilize kwanza, ajibu kadiri alivyoulizwa, wala asiondoke baada ya kusema. Tena asiseme, “Hakuna la kufanya.” Mwaka 1993 mganga Anne Merriman alianzisha Hospice Africa huko Kampala, Uganda, ili wagonjwa wasioweza kupona wapate mofini ya kunywa, wasiteswe na maumivu. Mwaka 2004 nchi hiyo iliwaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Wagonjwa hao hawaponi, lakini hupata usingizi, husema na watoto wao, huaga.

Kwa hiyo jamaa wamwambie mzee kweli kwa upole, wamtafutie dawa ya maumivu, tena wapokezane zamu ya kukaa kando ya kitanda chake usiku. Kumponya hawawezi, kumtunza wanaweza mpaka pumzi ya mwisho.