Kufuata Ufadhili: Ni Tamaa au Ni Busara?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Kila mwaka, yanapotoka matokeo ya kidato cha sita mwezi wa Julai, nyumba nyingi za Pemba, toka Konde mpaka Mkoani, huingia katika mashauri. Kijana kafaulu, alhamdulillahi, na mbele yake pana majina ya vyuo sita au saba: SUZA, Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu, SUMAIT ya Chukwani, Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, vyuo vya Dar es Salaam, na pengine Madina au Misri. Baba huuliza: "Kipi kina ufadhili?" Ami mtu huona swali hilo ni la aibu, kama kwamba ilimu imetiwa mizanini pamoja na karafuu. Basi na tuliangalie suala hili: je, kuchagua chuo kwa kumfuata anayelipa ni tamaa?

Ndugu zangu, Imamu Ghazali alizaliwa Tus mwaka 1058, baba yake akiwa msokota sufi. Baba alipokufa aliwaacha wanawe wawili kwa rafiki yake pamoja na akiba ndogo. Akiba ilipokwisha, mlezi yule aliwashauri waingie madrasa ambayo wanafunzi wake walipatiwa chakula. Wakaingia. Waliufuata mkate, na Ghazali mwenyewe hakulificha jambo hilo. Alisema kwamba ilimu ndiyo iliyowageuza nia baadaye. Lakini tutazame na upande wa pili. Mwaka 1091 alipewa ukufunzi wa Nidhamiyya ya Baghdad, cheo kikubwa katika zama zile. Mwaka 1095 aliipima nia yake, akaiona imechanganyika na kutaka jaha, akakiacha cheo akatoka. Aliingia madrasa kwa sababu ya mkate, na akatoka Nidhamiyya na mkate wake angali anapewa. Funzo ni hili: riziki inafaa kuwa njia ya kufikia ilimu, wala haifai kuwa kibla chake.

Kwa hivyo baba anayeuliza ufadhili hana aibu yoyote. Aibu iko katika namna ya kuutafuta na kuutumia. Nasi twaona orodha ya vyuo ipunguzwe kwa maswali matatu.

La kwanza: je, fedha hizi ni haki yangu? Ufadhili uko namna mbili. Uko unaotolewa kwa ubora wa masomo, mfano wa Samia Skolashipu ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi. Huo ni kama tuzo: aliyeshinda ni wake, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Na uko unaotolewa kwa uhitaji. Huo unakaribia sadaka, na mwenye nacho akiuchukua amekula haki ya mwenziwe. Anayekwenda kwa sheha kutaka barua ya umaskini, hali ana duka na gari, amemfunza mwanawe uwongo kabla hajaingia darasani. Chuo cha namna hiyo kifutwe katika orodha, hata kikilipa kila kitu.

La pili: je, nitaweza kuubeba? Kijana ambaye moyo wake uko katika ualimu asijitie katika uhandisi kwa kuwa ndiko kuliko na fedha. Ufadhili wa ubora mara nyingi una sharti la kuendelea kupata alama za juu. Akishindwa mwaka wa pili, ufadhili hukatika, ada hubaki, naye yuko ugenini. Asome masharti yote na mzee wake, mstari kwa mstari, kabla ya kutia saini.

La tatu: je, kitabakia nini juu ya watu wangu? Watu wengi hutazama ukubwa wa msaada wasitazame deni linalobaki. Tuseme chuo kimoja kina ada ya shilingi milioni 3 kwa mwaka na kinasamehe nusu; kingine kina ada ya milioni 1.2 wala hakisamehe kitu. Kwa miaka mitatu, cha kwanza kitakudai milioni 4.5, na cha pili milioni 3.6. Ongeza nauli ya boti na kodi ya chumba, ndipo ujue kipi chenye nafuu. Na mkopo si ufadhili. Mwajiriwa anayedaiwa na Bodi ya Mikopo ya Muungano hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Ni kweli mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia shaka Waislamu wengi. Lakini deni ni deni, nalo humfuata mtu mpaka kaburini.

Wako wazee wanaoweka rahani mikarafuu, au wanaouza karafuu zingali changa mtini, jambo ambalo wanavyuoni wamelikataza, ili mtoto mmoja wa kiume aende chuo chenye jina kubwa. Dada zake watatu walio nyuma watasomeshwa na nini? Uadilifu baina ya watoto ni wajibu. Chuo cha karibu, kama tawi la SUZA hapa Pemba, chaweza kuwasomesha wawili kwa gharama ya mmoja.

Likisha kupatikana jina moja, kijana aswali istikhara na ashauriane na wenye ujuzi. Istikhara haichukui nafasi ya kuuliza na kuhisabu. Huja baada yake. Kisha athibitishe chuo kimoja kama Tume ya Vyuo Vikuu inavyotaka, na ufadhili asiouhitaji aukatae mapema. Nafasi unayoishikilia bure, yuko mtoto wa mtu Micheweni anayeingojea.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu ilimu yenye manufaa, na atujaalie tuwasomeshe kwa halali. Amin. Wabillahi tawfiq.