Dhahabu ya Utoto

“Ujana ni moshi, ukienda haurudi,” walinena wazee wetu. Je, na usafi wa moyo wa utotoni, huo nao ni moshi?

Mwaka 1967 binti mmoja wa mji wa Tulsa katika Marekani, S. E. Hinton, alitoa kitabu cha hadithi, The Outsiders, alichoanza kukiandika angali mwanafunzi wa shule. Humo kijana maskini aitwaye Johnny, naye yu karibu kufa hospitalini, anamwachia rafiki yake Ponyboy barua. Anamsihi asiipoteze dhahabu aliyo nayo, yaani macho ya mtoto, ambayo kwayo kila kitu ni kipya kama alfajiri. Maneno yale machache wasomaji wengi wanayakumbuka hata leo. Yamejibu shairi la Robert Frost la mwaka 1923, lifundishalo kwamba uzuri wa kwanza wa jani haudumu.

Nani asema kweli? Kwa habari ya jani, Frost asema kweli. Lakini jani halina hiari; mtu anayo.

Wengi wetu hudhani kwamba usafi wa moyo ni kutoujua ubaya. Kama ndivyo, Johnny hakuwa nao. Nyumbani alipigwa na baba yake. Tena alimwua kijana mwenziwe kwa kisu, ili Ponyboy asizamishwe majini. Mtu wa namna hiyo amepata wapi ruhusa ya kunena habari za dhahabu?

Ameipata motoni. Kanisa kuukuu walimojificha wawili hao lilishika moto, nao walidhani sigara zao ndizo zilizoliwasha. Mlikuwa na watoto ndani. Waliingia wakawatoa, na boriti ikamvunja Johnny mgongo. Katika barua yake asema hajutii.

Mtume Petro ameifananisha imani na dhahabu ijaribiwayo kwa moto. Na Bwana Wetu hakuwaambia mitume wabaki watoto. Walikuwa watu wazima, wakiulizana nani aliye mkubwa. Aliwaambia waongoke, wawe kama watoto. Basi utoto huo si mali ya wale tu wasioanguka. Aliyeupoteza aweza kuurudia.

Jambo hili si dogo. Kijana akikosa mara ya kwanza, Shetani humnong’oneza: “Umekwisha kuchafuka; ya nini kujizuia tena?” Wengi wamepotea kwa neno hilo kuliko kwa kosa lenyewe. Nasi wazazi na walezi pengine twalitilia nguvu, tunapomtazama aliyeanguka kana kwamba hana tena kitu cha kulinda.

Enyi vijana, lindeni dhahabu yenu ingali inang’aa. Lakini ikiangukia matopeni, msiiache humo. Inameni, mwiokote, mkaioshe katika kitubio, kisha mwitoe kwa ajili ya wenzenu. Dhahabu haigeuki kuwa tope kwa sababu imeanguka ndani yake.