Umri wa Mtu Mmoja ni Mali ya Wangapi?

Hapana binadamu asiye na umri, lakini ni wachache waliopata kujiuliza kama umri walio nao ni mali yao peke yao au ni mali yenye washirika. Swali hili si la wazee tu. Kijana anayetimiza miaka 18 na mzee anayetimiza miaka 80 hulikabili wote wawili, hata kama hawalitamki: siku ya kuzaliwa ni ya nani, na je, mtu anayo haki ya kuifurahia peke yake, mbali na watu wake? Mimi nililijibu kwa vitendo kabla ya kulifikiri, na jibu langu la kwanza lilikuwa na upungufu. Ndiyo sababu naliandika hapa.

Mwezi wa Februari mwaka 2025 nilitimiza miaka 55. Kwa mtumishi wa serikali umri huo ni kizingiti, maana ndipo anaporuhusiwa kustaafu kwa hiari, na miaka 60 ndipo anapolazimika. Mimi ni mtu wa masjala. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu imekuwa kupokea, kuhifadhi na kutafuta majalada, na mara nyingi nimewahesabia wenzangu miaka iliyowabakia kazini. Zamu iliponifikia mimi, niliona uzito ambao sikuuona nilipohesabu miaka ya wengine.

Watoto wangu walikwisha kuunda kamati. Walitaka ukumbi, keki na kadi za michango. Nilikataa, kwa kuwa niliona haya kuwatoza jirani zangu fedha kwa sababu ya mimi kuzaliwa. Nikasema kwamba nitakwenda kisiwani Mafia, mahali nilipopasikia tangu utoto bila kupaona, na nitakwenda peke yangu, nikae na nafsi yangu niamue kama nistaafu au niendelee. Mke wangu hakugomba. Alinikunjia kikoi na shuka ndani ya mkoba, akasema, “Haya, nenda, baba watoto. Ukirudi utuambie umemkuta nani.”

Kabla ya kueleza nilichokikuta, yafaa tuupime uamuzi huo kwa mizani ya mila zetu. Wako watakaosema kwamba ulikuwa ubinafsi mtupu, kwani mtu ni watu, na furaha isiyogawanywa ni uchoyo. Wako pia watakaosema kwamba kila mtu atakufa peke yake, hivyo ni haki yake kujihesabu peke yake. Pande zote mbili zina ukweli, lakini kila upande umeshika kipande tu.

Tukitazama desturi za watu wetu, tunaona kwamba umri ulikuwa jambo la wengi. Kwa Wamaasai, mtu hakui peke yake. Hukua pamoja na rika lake, na rika zima ndilo linalovuka kutoka ujana kwenda utu uzima. Kwa Wanyakyusa wa zamani, vijana wa rika moja walijenga kijiji chao na kuishi humo pamoja. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka mpya huadhimishwa mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili chuki za mwaka uliopita ziishie uwanjani, kisha watu hula pamoja, na ni jambo jema kila nyumba iwe na mgeni siku hiyo. Katika desturi hizo zote, kuvuka mwaka si hesabu ya mtu mmoja.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba mila zetu haziujui upweke. Wavulana wa jando walitengwa na kijiji. Mwali aliwekwa ndani siku nyingi. Mwislamu huingia itikafu msikitini katika siku kumi za mwisho wa Ramadhani. Lakini tuangalie jambo moja: katika mambo yote hayo mtu hutengwa ili arudishwe. Mvulana alirudi akiwa na wajibu, mwali alitolewa nje kwa ngoma, na mwenye itikafu hutoka akaswali Idi pamoja na wenzake. Upweke wa mila zetu una mlango wa kuingilia na mlango wa kurudia. Mimi nilipofunga safari niliufikiria ule wa kuingilia tu.

Nilikwenda kwa basi hadi Nyamisati, nikapanda chombo kilichopita katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji mpaka bahari ya wazi, na jioni nikashuka Kilindoni. Huo ulikuwa msimu wa papa potwe, ambaye huonekana huko tangu Oktoba hadi Machi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake kikuu ni viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Nilifurahi kama mtoto. Hakukuwa na simu ya ofisi wala jalada lililopotea.

Siku yenyewe ya kutimiza miaka niliitumia katika kisiwa kidogo cha Chole, mkabala na Utende. Huko kuna magofu yaliyoshikwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wanaoning'inia matawini mchana kutwa. Kuna pia mafundi wa majahazi. Nilikaa chini ya mti nikamtazama fundi mmoja akichonga taruma, nikamwuliza kama yeye ndiye anayekishua chombo baharini kikiisha. Alicheka. “Kujenga naweza kujenga na mwanangu,” alisema, “lakini kushua huitwa kijiji kizima. Peke yangu kitaozea hapa hapa.”

Adhuhuri nilipata chakula nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima aliyepikia wageni. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekuja kwa kazi.

“La, mama,” nikamjibu. “Leo natimiza miaka 55. Nimekuja kupumzika peke yangu.”

“Hongera, mwanangu. Mama yako yu hai?”

“Yu hai.”

“Na leo yuko na nani?”

Sikuwa na jibu. Yeye hakusema zaidi. Aliendelea kukuna nazi kama mtu aliyeuliza habari za mvua. Lakini swali lile lilinifuata hadi usiku.

Usiku huo nilijihesabu, kama nilivyokusudia, ila hesabu ilinitokea vingine. Niligundua kwamba siku niliyoisafiria mbali hivyo ndiyo siku ya maisha yangu ambayo siijui kabisa. Nilikuwapo, lakini si shahidi. Mwenye uchungu hakuwa mimi, aliyeogopa hakuwa mimi, aliyekesha hakuwa mimi. Katika masjala nimeona majalada mengi ya wazee waliozaliwa kabla ya Uhuru, ambayo yana mwaka tu bila siku. Zamani niliwahurumia wazee hao kwa kukosa tarehe. Usiku ule nilijiona kwamba mimi ninayo tarehe kamili, lakini sijui neno moja juu ya watu waliokuwapo.

Nilirudi siku mbili kabla ya muda wangu, na sikwenda kwangu moja kwa moja. Nilikwenda kijijini kwa mama yangu, nikamwomba anieleze siku niliyozaliwa. Alistaajabu, kisha akaeleza. Ilikuwa usiku wa mvua. Baba alikuwa mbali, kwenye kibarua cha kukata mkonge. Taa ilikwisha mafuta. Jirani alikuja na taa yake mwenyewe, akanipokea kwa mikono yake, akakaa siku saba akimpikia mama uji, huku watoto wake mwenyewe wakilala kwa shangazi yao. Jirani huyo nilimfahamu vema. Nimepita mbele ya mlango wake maisha yangu yote nikimwamkia kama nilivyomwamkia kila mzee, na alipofariki nilituma rambirambi kwa barua, kwa kuwa ofisini kulikuwa na kazi nyingi.

“Mama, mbona hukuniambia?”

“Hukuuliza, mwanangu.”

Sasa nalijibu swali. Je, mtu anayo haki ya kwenda peke yake siku ya kutimiza miaka yake? Naamini anayo. Kama nisingalikwenda Chole, nisingaliulizwa lile swali. Ningalikata keki, ningalipigiwa makofi, na wageni wangalirudi makwao bila yeyote kumkumbuka mwanamke aliyeleta taa. Wingi wa watu ukumbini si dalili kwamba furaha imegawanywa na wanaostahili. Lakini haki hiyo si ya kujimilikisha umri. Umri tuliupewa mikononi mwa watu, na anayejitenga kuuhesabu anawajibika kurudi kwao na hesabu yenyewe. Upweke ukimrudisha mtu kwa waliomlea, ni shule. Ukimsahaulisha, ni wizi wa mali ya ushirika.

Mke wangu aliniuliza nimemkuta nani. Nilimweleza yote, naye akaniuliza watoto wa yule jirani wako wapi. Tuliwatafuta, tukawakuta wawili, nasi tukala nao pamoja na mama yangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe yangu, iliyochelewa kwa mwezi mzima. Kuhusu kazi, niliamua kuendelea kidogo, hadi vijana wawili niliopewa masjala waweze kushika yote bila mimi.

Nanyi walimu, wapeni wanafunzi wenu zoezi hili: kila mmoja anajua tarehe yake ya kuzaliwa, basi na akaulize nyumbani majina ya watu waliokuwapo siku hiyo, na akiambiwa kwamba mmoja wao yu hai, aende akamwamkie. Asingoje afike miaka 55.